Kuingiza simu katika kazi za ghala: mwongozo kamili kwa wafanyabiashara wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

Karibu kila ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, tayari linafanya biashara kwa simu. Oda zinaingia kwa kupigiwa, bei zinapatanwa kwenye WhatsApp, fedha zinaingia kwenye laini ya karani, na jioni mtu mmoja anakaa na daftari kubwa akijaribu kukumbuka yote yaliyopita mchana kutwa. Mwongozo huu unamlenga mwenye biashara wa namna hiyo, mwenye wafanyakazi wanne hadi thelathini, ambaye simu anazo ila hana utaratibu. Mifano yangu inatoka kwenye dagaa kwa sababu ndiyo kazi niliyoihudumia zaidi, lakini muuza vifaa vya ujenzi wa Igoma au mwenye stoo ya vinywaji Nansio ataona mambo yake humu humu.

Kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni kufanya kazi za ofisi kwa kifaa cha mkononi: kupima mzigo, kuhesabu stoo, kutoa ankara na kumwelekeza dereva. Jambo la pili ni kuuza, kununua na kulipana kwa simu. Biashara nyingi za kwetu zilianza na hilo la pili tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, zikaliruka la kwanza. Matokeo yake ni kwamba fedha inatembea kwa sekunde chache huku taarifa ya mzigo ikisubiri karatasi, na pengo kati ya hivyo viwili ndimo hasara nyingi zinamojificha.

Hatua ya kwanza: fuata gunia moja

Usinunue kitu chochote bado. Chukua siku nzima, shika kalamu, na ufuate gunia moja tangu linaposhuka kwenye mtumbwi hadi linapopakiwa kwenye lori. Kila mara mtu anapoandika, anapotamka au anapotuma idadi au uzito wa gunia hilo, weka alama.

Katika ghala moja nililolifanyia kazi, uzito wa gunia uliandikwa mara tano. Mpima mizani aliuandika kwenye kipande cha boksi, karani wa stoo akaunakili daftarini, akaupeleka kwa bosi kwa meseji, bosi akautumia kwenye ankara, na msimamizi wa upakiaji akauandika upya kwenye orodha ya dereva. Siku niliyokaa nao, kilo 48 za kwenye boksi zilifika kwenye ankara zikiwa 43, kwa sababu boksi lilikuwa limelowa na nane ikasomeka kama tatu. Hakuna aliyeiba. Mwenye ghala alikuwa amekwisha kumshuku kijana wa mizani kwa miezi kadhaa.

Kutokana na zoezi hili utapata kanuni itakayoongoza hatua zote zinazofuata: kila taarifa iandikwe mara moja tu, na iandikwe na yule aliyeiona kwa macho, pale pale alipoionea. Kazi ya simu ni kuwawezesha wengine wote kuisoma bila kuinakili. Programu yoyote inayomlazimisha karani kunakili kile ambacho mpima mizani amekwisha kukiandika haikufai, hata kama inatolewa bure.

Hatua ya pili: pima mtandao kabla ya kupima bei

Orodhesha sehemu zote ambapo kazi itafanyika: kwenye mizani, ndani ya stoo, gatini, kwenye kaunta, na kwa wakala wako wa kisiwani. Katika kila sehemu simama na laini za kampuni mbili tofauti, asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, ujaribu kupiga simu, kufungua ukurasa wa intaneti na kutuma picha moja. Andika majibu. Utashangaa kugundua kwamba sehemu mbaya kuliko zote si kisiwani bali ni ndani ya stoo yako mwenyewe, kwa sababu kuta na paa la bati huzuia mawimbi. Hatua tatu nje ya mlango simu inafufuka.

Kuhusu ziwani kuna jambo linalowasumbua wengi. Juu ya maji mawimbi husafiri mbali kwa kuwa hakuna milima wala majengo ya kuyazuia, hivyo mtu aliye kwenye mtumbwi anaweza kuona alama za mtandao zikiwa mbili au tatu na bado simu isitoke. Sababu ni kwamba katika mfumo wa kizazi cha pili, yaani 2G, mnara humgawia kila mteja kipande chake kidogo cha muda. Ishara ya simu iliyo mbali huchelewa kufika na kuangukia kwenye kipande cha mwingine, ndiyo maana mnara wa kawaida wa 2G una kikomo cha takriban kilomita 35. Wakala wako akikuambia kwamba akiwa kisiwani Goziba mtandao upo lakini haukubali, huenda hasingizii.

Pamoja na hayo, kumbuka kwamba menyu za kubofya nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money, hazihitaji bando wala simu janja. Zinapita kwenye njia ile ile inayobeba taarifa za kupiga simu, kwa hiyo hufanya kazi hata pale ambapo intaneti imegoma kabisa. Udhaifu wake ni kwamba mazungumzo hayo yana muda mfupi. Ukisita kidogo yanakatika, na anayelipa hubaki hajui kama fedha imetoka au haikutoka. Tutalirudia hili kwenye malipo.

Majibu ya vipimo vyako ndiyo yataamua aina ya programu. Kama hata sehemu moja ya kazi haina intaneti ya uhakika, usikubali programu inayodai mtandao kila wakati. Unahitaji ile inayohifadhi taarifa ndani ya simu kwanza, kisha kuzipeleka kwenye seva mtandao unaporudi.

Hatua ya tatu: vifaa na laini

Hapa sitakaa sana. Mpima mizani anahitaji simu janja ya bei ya kati yenye kioo kinachosomeka juani na kava la kuzuia maji. Vidole vyenye magamba havielewani na kioo, kwa hiyo mpe na kitambaa. Karani wa kaunta afanyie kazi kwenye kishikwambi, pamoja na kichapishi kidogo cha risiti kinachounganishwa kwa Bluetooth. Dereva na wakala wa kisiwani wanaweza kubaki na kitochi, ambacho kinakaa na chaji siku nne na hakina kinachomvutia mwizi. Nunua pawabenki mbili, sio moja.

Kilicho muhimu zaidi ni nani mwenye laini. Laini inayopokea oda na fedha za biashara isajiliwe kwa jina la biashara, kwa nyaraka za biashara, na isiwe laini ya karani, ya shemeji wala ya mtu aliyekwisha kuondoka. Nimeona biashara ikipoteza wateja wa miaka sita kwa sababu namba waliyoizoea iliondoka pamoja na kijana aliyeacha kazi. Kila mfanyakazi abofye pia *106# kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Akiikuta asiyoijua, aende aiondoe kabla haijatumika kutapeli watu kwa jina lake.

Bofya *#06# kwenye kila simu ya kazi, andika namba ya utambulisho inayotokea na uihifadhi ofisini. Mwezi Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, walioumia ni wale walionunua kwa bei ya kutupa bila kuhakiki namba hiyo.

Hatua ya nne: taarifa zipite wapi

Kwa biashara ya watu wanne au watano, WhatsApp Business inatosha kuanzia upande wa wateja. Ina katalogi ya kuweka picha na bei, majibu ya haraka, na lebo za kutofautisha oda mpya na ile iliyolipwa. Tatizo lake ni kwamba mazungumzo si daftari. Meseji inaweza kufutwa, bei ya juzi inazikwa chini ya salamu, na hakuna anayeweza kujumlisha magunia kutoka kwenye mazungumzo arobaini.

Kwa hiyo kila oda, iwe imekuja kwa sauti, kwa meseji au kwa mtu kusimama kaunta, igeuzwe papo hapo kuwa na sura moja. Sura hiyo ikae kwenye programu ya mauzo, na ikiwa bado huna programu, hata meseji ya kawaida inafaa:

M-0417. Dagaa wa kuanikwa. Magunia 12. Tunduma. Lori la Ijumaa. Bado hajalipa.

Tazama ile herufi ya mwanzo. Kama simu mbili zinaandika oda bila mtandao, kila moja itatoa namba 0417 kwa mteja wake, na zitakapokutana kwenye seva, oda moja itaifuta nyingine au zitachanganyika. Dawa yake ni kumpa kila mwandishi herufi yake: M kwa Mwaloni, N kwa Nansio, K kwa kaunta. N-0417 na M-0417 haziwezi kugongana hata simu zikikaa siku tatu bila kuonana. Muuzaji wa programu akikuonyesha mfumo wake, muulize swali hili kwanza. Asipokuelewa, endelea kutafuta.

Swali la pili ni la stoo. Ikiwa yamebaki magunia 20, na watu wawili wasio na mtandao wanauza 15 kila mmoja, programu haiwezi kufanya muujiza. Gawa mzigo mapema: Nansio wanaruhusiwa kuuza magunia 8 bila kuuliza, Mwaloni 12, na zaidi ya hapo lazima wapige simu.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lori la Geita au Sengerema halingoji tena kivuko. Linavuka hizo kilomita tatu kwa dakika chache. Zamani foleni ya kivuko ilikuwa inatupa muda wa kurekebisha ankara iliyokosewa huku mzigo ukiwa bado upande wetu. Muda huo haupo tena, na mzigo sasa unafika kabla ya karatasi. Mpelekee mpokeaji orodha ya mzigo kwenye simu kabla dereva hajawasha gari.

Hatua ya tano: malipo

Ondoa kabisa malipo kwenye namba binafsi. Omba lipa namba ya biashara, ibandike kaunta kwa maandishi makubwa pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja, na umfundishe mteja kulisoma jina hilo kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiweza, weka na msimbo wa QR wa viwango vya TANQR, unaowezesha wateja wa mitandao na benki tofauti kulipa kwa msimbo mmoja. Nyuma yake uko mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, unaounganisha watoa huduma, hivyo hakuna sababu tena ya kaunta kuwa na simu nne za kupokelea fedha.

Wateja watalalamika juu ya makato, nao wana kumbukumbu. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, wafanyabiashara wengi walirudi kwenye noti, wakawa wanasafiri na fedha mifukoni kutoka visiwani. Tozo ile ilipunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2023 ikafutwa kwenye miamala, ila hofu haikufutika nayo. Usibishane na mteja. Mwonyeshe makato yaliyopo leo kwenye simu yako mwenyewe, umlinganishie na nauli na hatari ya kubeba milioni mbili kwenye meli, halafu aamue.

Sasa jambo la msingi kuliko yote katika hatua hii: meseji si fedha. Miaka michache iliyopita nilisimamia hesabu za ghala moja, na siku ya Jumamosi yenye msongamano mteja mgeni alimwonyesha karani wetu meseji kwenye simu yake.

"Bosi, nimeshatuma, angalia na ya kwako imeingia."

Kwenye simu ya kaunta kweli ilikuwa imeingia meseji yenye jina lake, kiasi sahihi na hata namba ya muamala. Magunia tisa yakapakiwa. Jioni salio likawa pungufu. Meseji ile ilikuwa imetumwa kutoka namba ya kawaida ya simu, imeandikwa kwa mkono kwa kufuata mtindo wa meseji halisi, na karani katika haraka zake alisoma maneno asisome mtumaji. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimemwekea utaratibu mwingine wa kuhakiki.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu. Karani haangalii meseji. Anafungua menyu au programu ya lipa namba, anatazama muamala wenyewe kwenye orodha, kisha anaandika tarakimu nne za mwisho za namba ya muamala mbele ya namba ya oda. Bila tarakimu hizo, kuli hagusi gunia. Mteja akiharakisha, jibu ni moja na la heshima: "Mama, samahani, nivumilie dakika moja nihakiki." Mteja wa kweli hajawahi kukasirika kwa dakika hiyo. Utaratibu huu unatibu pia lile tatizo la menyu kukatika katikati: hakuna anayebahatisha, na hakuna mteja anayeambiwa alipe mara ya pili kabla orodha haijatazamwa.

Kila jioni, kabla ya kufunga, fanya usuluhisho wa hesabu. Chukua mfano huu. Oda zilizoandikwa kuwa zimelipwa kwa simu zina jumla ya shilingi 3,860,000. Taarifa ya miamala ya lipa namba inaonyesha 3,610,000. Tofauti ni 250,000. Pitia oda moja moja ukilinganisha zile tarakimu nne. Utaikuta oda moja isiyo na muamala. Mara nyingi maelezo yatakuwa kwamba lipa namba ilisumbua na mteja akaambiwa atume kwenye namba ya karani. Huenda ni kweli na fedha ipo. Irudishwe jioni ile ile, na tukio liandikwe, maana ikitokea mara tatu kwa mwezi kwa mtu yule yule, mtandao umekwisha kuondolewa lawama. Tofauti ya jana hutafutwa leo kwa robo saa; tofauti ya mwezi uliopita haitafutwi, inalipwa.

Mwenye kupokea fedha asiwe ndiye mwenye kuitoa. Namba ya siri ya kutoa au kuhamishia benki ibaki kwa mwenye biashara au mtu mmoja asiyekaa kaunta.

Hatua ya sita: kodi na sheria

Meseji ya malipo si risiti ya kodi. Mwenye wajibu wa kutumia mashine ya EFD anaendelea kuwa nao hata akiuza kwa simu tupu. Ipo njia ya kutoa risiti hiyo kupitia programu iliyounganishwa na TRA, kwa hiyo ulizia wakati wa kuchagua mfumo na sio baada ya kuulipia. Kumbukumbu za kodi hutunzwa kwa miaka 5, na simu haikai miaka mitano pale Mwaloni, kwa hiyo hifadhi nakala nje ya simu kila wiki.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, hivyo makubaliano ya oda kwenye simu yana uzito ukiyatunza vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakugusa pia, kwa sababu orodha ya majina, namba na madeni ya wateja ni taarifa binafsi, na anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo. Ile tabia ya kubandika majina ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp la soko iachwe.

Hatua ya saba: simu ikipotea, simu ikidanganya

Andika kwenye karatasi moja, ibandikwe ndani ya kabati la ofisi: simu ikipotea nani apigiwe, laini ifungwe vipi, nani anaondoa simu hiyo kwenye programu ya mauzo. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye thamani. Kila simu iwe na kufuli la kioo, na laini yenyewe iwe na namba yake ya siri, kwa sababu mwizi mjanja huichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine.

Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anazicheka, lakini zinawapata watu siku ambayo kweli kuna hela ya kutumwa. Kanuni ya ghala iwe kwamba maelekezo ya kutuma fedha kwenda namba mpya hayafuatwi mpaka anayetuma apige simu na kuisikia sauti ya aliyeagiza. Meseji yenyewe iripotiwe kwa kuipeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Hatua ya nane: anza wakati wa mbalamwezi

Wengi hukosea siku ya kuanza. Wanazindua mfumo mpya mwanzo wa mwezi wa kalenda, ambao unaweza kuangukia katikati ya siku za giza, wakati taa za wavuvi zinavuta dagaa na mzigo unashuka usiku kucha. Hakuna atakayejifunza kubofya kioo huku kuli ishirini wakipiga kelele mlangoni. Subiri mwezi uwe mpevu, uvuvi wa dagaa upungue na watu wakae wakipiga soga. Hizo siku saba hadi kumi ndizo za mafunzo. Fundisha kwa oda halisi chache zilizopo, na anza na mpima mizani kabla ya karani, kwa kuwa taarifa inaanzia kwake.

Halafu endesha daftari na simu kwa pamoja kwa mzunguko mmoja kamili wa mwezi, mbalamwezi hadi mbalamwezi. Kila jioni linganisha vyote viwili. Utaona upinzani, na usiuite ujinga moja kwa moja. Karani anayedai simu inachelewesha anaweza kuwa anasema kweli: mpime kwa saa. Kama kuandika oda kwenye simu kunachukua dakika tatu na daftarini dakika moja, fomu yako ina maswali mengi mno. Yapunguze yabaki sita. Lakini yuko pia anayepinga kwa sababu daftari lilikuwa linamwachia kilo mbili tatu za pembeni kila siku. Huyo zungumza naye faraghani juu ya mshahara wake kabla ya kuzungumza juu ya simu.

Mzunguko ukiisha bila tofauti kwa siku saba mfululizo, ondoa daftari mezani. Usilitupe. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kalamu mbili, liwekwe juu ya mizani kwa ajili ya siku ambayo umeme, mnara na pawabenki zote zimezima. Siku hiyo mpima mizani ataandika kwa mkono, na mtandao ukirudi ataingiza mwenyewe yale aliyoyaandika, kabla gunia la kwanza la siku inayofuata halijapanda kwenye mizani.